Somo la Hiari

Saa moja na nusu asubuhi, Ruwi, Jumapili.
Milima imetuzunguka, mikavu kama mkate wa juzi,
na kiyoyozi cha kidato cha pili B kinakohoa
kama mgeni asiyejua apige hodi au arudi zake.

Sista Gaudensia amebandika orodha mlangoni:
Fizikia, arobaini na wawili.
Biashara, thelathini na tisa.
Maarifa ya Jamii, kumi.
Na chini, kwa wino mwekundu, mwandiko wa kitawa ulionyooka:
*Wakipungua kumi, tutalifunga.*

Amri za Mungu nazo ni kumi, nikamwambia,
na hakuna aliyezifunga.
Akacheka hadi kitambaa cha kichwani kikateleza.
Karatasi hakuibandua.

Mimi Mghoi, mtu wa Wundanyi,
nilizoea chaki, na mvua ya bati inayomkatiza mwalimu.
Hapa mvua haijanikatiza hata siku moja.
Hunikatiza wazazi:
"Mwalimu, hiyo historia italipa kodi ya nyumba?"
Mimi haijanilipia, huwajibu,
ila imenieleza kwa nini inapanda.

Wiki hii nikafunga kitabu.
Sura ya nne, Uraia, ina picha ya familia inayotabasamu
chini ya bendera isiyo ya yeyote darasani.
Nikasema: Chora njia,
kutoka kitandani kwako hadi kwenye kiti hicho.
Weka ufunguo. Weka kipimo. Weka Kaskazini.
Na kila ukuta unaoupita, andika nani aliujenga.

Liezel, anayesomeshwa na fungu la masista,
akachora lifti mbili za jengo moja:
ya mbele ina kioo, ya nyuma ina ndoo.
Mama yake hupanda ya nyuma.
Yeye, akiwa na sare, huruhusiwa ya mbele.
Ghorofa ya tisa hukutana, wakajifanya hawajuani.

Thuraya akachora nyumba tu, barabara hakuna.
Sebuleni kapitisha nukta nukta, kama mpaka:
upande huu Kiarabu;
upande ule, kwa bibi, penye mbuzi ya nazi, Kiswahili.
Akaninong'oneza kwa lafudhi ya Unguja
asikowahi kukanyaga:
"Nikivuka na sahani ya baba, Mwalimu,
pale kwenye nukta huwa nanyamaza."

Melroy Lobo alichora kila kitu.
Tanuri la mkate, kinyozi, msikiti, ukuta wa kanisa,
na kando ya kuta majina, maana alikwenda kuuliza:
Shafiqul. Shafiqul. Shafiqul na nduguye.
*Huu, aliyeujenga amesharudishwa kwao.*
Kwenye kona, kipimo:
*sentimita moja ni mwezi mmoja wa mkataba wa baba.*
Barabara yake ilikatika vidole viwili kabla ya lango letu.

Kipimo ni cha umbali, nikamwambia, si cha muda.
"Kwetu ni kitu kimoja, Mwalimu."

Alhamisi kiti chake kilikuwa kitupu.
Kampuni ilikuwa imefunga ofisi, viza zikafutwa,
wakapanda ndege ya saa nane usiku kwenda Mangalore,
mji anaoujua kwa likizo mbili na harusi moja.

Tisa.

Sista akaja na kalamu yake nyekundu.
Akasimama mbele ya ramani zilizobandikwa,
akaifuata barabara ya Melroy kwa kidole,
polepole, kama anayesali tasbihi,
mpaka pale inapokatika.
Kidole kikabaki hapo.
"Huyu bado hujamsahihishia?"
Bado, Sista.
"Basi bado ni mwanafunzi wako."
Akatoka. Kalamu akaiacha mezani,
sijui kwa kusahau.

Nikaichukua.
Nikampa kumi na nane juu ya ishirini.
Mbili nilizikata kwa haki:
hakuonyesha Kaskazini.