Siku ya Mapumziko

Jumatatu hadi Jumamosi nalipwa kupiga kelele.
Debe, kijiti, na utepe wa kaseti nilioufunga
juu ya mpunga wa Ogweno, hapa Ahero,
uvume upepo ukipita.
Wanakuja kama moshi, kwelea,
nami nawatukana hadi koo linawaka:
wezi! hamna mama nyinyi?

Jumapili sauti imenikauka.
Nakaa kizingitini, napepeta chenga.
Anatua mmoja, shomoro mwekundu,
mdogo kuliko ngumi ya Apondi,
kisha chiriku wawili, kifua manjano,
wanaruka-ruka pembeni
kama wageni wasio na hakika walialikwa.

Apondi ananiuliza:
hawa si ndio wale?

Wale ni wa Ogweno, namwambia.
Hawa ni wetu.

Anacheka. Anajua kuhesabu, huyu mtoto,
na anajua chenga zimetoka wapi.

Chiriku mmoja anasogea hadi karibu na unyayo wangu.
Mdomo mfupi, mnene, koleo.
Punje inapasuka:
tk.

Miaka sita shambani
na sikuwahi kuisikia sauti hiyo,
kwa sababu ya debe.