Picha ya Maili ya Saba

Nyuma yake, kwa penseli iliyofifia:
"Barabara mpya, maili ya saba, Perak. Vibarua."
Hakuna jina. Pembeni pana bei ya kokoto,
senti na nusu senti, imejumlishwa sawasawa.

Bi Rohaya wa nyaraka ananipa glavu nyeupe
na kioo cha kukuzia. "Usiipumulie," ananiambia.
Basi nabana pumzi.

Miti ndiyo naiona kwanza.
Mimeranti haikuhitaji kuamrishwa itulie,
imetoka vizuri, hata gome, hata mtambaazi unaoinyonga.
Chini yake udongo umepasuliwa mstari mmoja,
kama kitana kilichopitishwa kwa nguvu
kichwani mwa mtu asiyetaka kusukwa.

Halafu bwana: kofia, kiti cha kukunja,
mguu juu ya mguu, kila kifungo kinahesabika.
Kamera za siku zile zilikuwa goigoi,
zilikunywa nuru kama mgonjwa anayelazimishwa uji,
na aliyetikisika alipunjwa sehemu yake.

Ndiyo maana vibarua ni moshi.
Sururu ina mpini, haina mikono.
Karai la kokoto linaelea juu ya ukungu,
na chini ya ukungu miguu miwili mitupu
iliyokanyaga sana hata ikabaki.

Bibi alisema mama yake, Angalammal,
karai alilibeba bega la kushoto
kwa kuwa la kulia lilikuwa la mtoto.
Natafuta moshi unaoegemea upande.
Nimeupata mmoja. Au nimeutaka mno.

Chini ya mshokishoki yupo mwingine,
ametoka safi kuliko bwana.
Yu chali, kitambaa usoni, nyayo zinatutazama
hadi nyufa za visigino, hadi alama za ruba.
Kadi ya hifadhi inasema: "Kibarua akipumzika."

Saa ngapi? Tazama vivuli: saa tatu asubuhi, si zaidi.
Mnyapara yuko hatua nne, fimbo kwapani.
Mimi ni mjukuu wa watu wa barabara;
sijasikia mnyapara aliyeshindwa kumwona mtu aliyelala.
Na kile kitambaa kimetoka uzi kwa uzi.
Anayepumua angekivuruga.

Wawili tu waliweza kutulia asubuhi ile:
aliyelipwa akae, na aliyemaliza.

Bi Rohaya anauliza kama nataka nakala, ringiti kumi na mbili.
Namwomba penseli, nisahihishe kadi.
Anakataa, ni sheria. Lakini anainama, anatazama,
anatazama tena, na hasemi kitu.

Basi langu ni la saa nane, linapita palepale.
Maili ya saba sasa kuna kituo cha mafuta
na mwanamke anayeuza doriani kwa mizani ya saa.
Mwaka jana lami ilibonyea hapo, wakajaza kokoto,
ikabonyea tena. Maji ya chini, wanasema wahandisi.

Nitashuka. Sijui nitafanya nini nikishashuka.
Labda nitatembeatembea tu,
nisisimame mahali pamoja.