Nimepokea

Zamani programu yetu ilibisha hodi kila dakika tano:
Nini kimebadilika?
Hakuna.
Nini kimebadilika?
Hakuna.
Kuuliza si ujinga, nilisema. Irmeli hakugeuza shingo:
Si ujinga. Ila mwenye nyumba naye huchoka.
Tena kati ya hodi na hodi mfuko wa damu
uliweza kuingia, kutoka, na kumwagwa,
nasi tusijue kama uliwahi kuwapo.

Basi tukaacha kuuliza. Tukatega sikio kwenye daftari la ndani,
lile ambalo ghala huliandika kabla halijatenda lolote.

Hapa Oulu, mwezi wa kwanza, mto ni barabara.
Watu wanaukata kwa skii, mbwa mbele, mtoto mgongoni,
na nusu mita chini ya nyayo zao
maji hayana habari kwamba kuna baridi.
Daftari ni hivyo.
Ingiza: mfuko, kundi O hasi, friji ya tatu.
Badilisha: umepelekwa chumba cha upasuaji.
Badilisha: ulikuwa «upo», sasa «umetumika».
Futa.
Ghala likifuta limesahau. Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa;
daftari huzoa, tena huhesabu matone.

Msikilizaji wetu mmoja alikuwa Kajaani, hospitali ndogo,
na ahadi ni hii: sitatupa ukurasa
mpaka uniambie nimepokea.
Usiku wa Jumanne theluji ikaangusha waya,
Kajaani ikanyamaza.
Kurasa zikalundikana. Diski asilimia sabini na moja.
Themanini na nne.
Tisini na tatu.
Ikijaa, hata Oulu haitaandika tena tone.

Irmeli alikuwa na kidole juu ya kitufe
na simu kifudifudi kando ya kikombe.
Miaka minne anamwandikia Eerikki kila Jumapili.
Sijawahi kumuuliza,
lakini kuta za ofisi yetu ni nyembamba.
«Kumngoja asiyejibu,» alisema,
«kunaweza kumzamisha anayengoja.»
Asilimia tisini na saba. Akaifuta nafasi ya Kajaani.
Diski ikapumua.

Saa kumi na nusu Kajaani ikazinduka,
ikataja kwa adabu namba ya mstari wa mwisho iliousikia:
nitaendelea hapa.
Ghala likajibu: Sikujui.

Nilidhani atatukana. Alivuta kiti.
«Basi nitamsimulia yote tangu mwanzo,»
akaanza kunakili, safu ya kwanza, ya pili, laki mbili na ushee,
huku mabadiliko mapya yakipanga foleni nyuma yake.
Saa nne asubuhi jua likachungulia, jembamba kama ukucha.
Kutoka Kajaani: nimepokea.

Alisoma mara mbili.
Kisha akaigeuza simu.