Sweta la Mwaka wa Nne

Jana usiku mama alilifumua tena.
Alianzia kwenye pindo, akavuta taratibu,
Lusubilo kalala fofofo pembeni ya moto,
na mimi nikiuzungushia uzi mgongo wa kiti
ili mikunjo ya mwaka jana inyooke.

Ni sufu ya baba.
Sweta la kijivu alilovaa akipakia viazi
kwenye malori ya usiku, pale Isyonje,
kiwiko kimetoboka,
kwapani dizeli na tumbaku.
Matanga yalipoanuliwa, ndugu waligawana koti, redio, jembe.
Mama akasema: hili niachieni.
Miezi mitatu baadaye nikajifungua.

Sweta la mwaka wa kwanza lingemtosha kuku.
La pili lilipata mstari mwekundu,
la tatu wa njano, uzi wa kununua Uyole,
na mwaka huu wa kijani, kwa sababu mwenyewe kataka
"rangi ya chura."
Kila mwezi wa saba mtoto anaongezeka
na donge la kijivu kwenye kikapu linapungua.
Jana lilikuwa kama limau.

Asubuhi sakitu imelala juu ya majani ya viazi.
Tunapumua moshi bila kuvuta sigara.
Nimeoka keki kwenye sufuria,
mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko,
mayai matano ya yule kuku mwenye kisirani;
imetoka imeinama upande mmoja.
"Hii si keki," kasema kaka yangu Ambilikile,
"hii ni Mlima Rungwe ukiutazama na mlevi."
Ndiye aliyekula vipande vitatu.

Dada yake, Gwantwa, kasuka taji la maua ya pareto,
meupe, kitovu cha njano.
Lusubilo kapiga chafya mara sita
na kakataa katakata kulivua.

Halafu nguzo ya jikoni.
"Simama wima. Visigino chini. Chini, nimesema!"
Mama kalaza mwiko juu ya utosi wake,
kachora mstari kwa mkaa.
Alama yangu ya miaka minne ipo pale pale,
imefifia, chini ya yake kwa upana wa kidole.
Nimepitwa na mtu asiyejua kufunga kamba za viatu.

Mishumaa ilikuwa minne.
Alhamisi umeme ulikatika, tukawasha miwili,
ikaisha tukimenya viazi vya kesho yake.
Lusubilo kahesabu iliyosimama kwenye keki,
kahesabu tena, kwa kidole:
"Kwa hiyo mimi sasa nina miwili?"
Tukacheka wote, isipokuwa mama.
"Unayo minne," kamwambia.
"Miwili imeshatuangazia."

Nasikia huko Dar wanamwagia mwenye siku yake maji ya bomba,
ndoo nzima, bila onyo.
Huku ungeua mtu.
Sisi tunachemsha, tunapima kwa kiwiko,
tunatia majani ya mchaichai,
na tunammwagia kikombe kimoja tu, mgongoni,
kabla ya sweta, huku akipiga kelele
kana kwamba tumemtumbukiza mtoni.

Mama kamvisha. Mikono imefika.
Shingo imepita kwenye taji bila kung'oa ua.
Kajinusa begani, sijui katafuta nini,
kisha kauliza, mdomo umejaa keki:
"Uzi wa babu ukiisha?"

Ambilikile katazama paa.
Mimi nikashughulika na kijiko.
Mama kakata ncha iliyobaki kwa meno
na hakujibu.

Mlangoni pana msumari ambao tangu mwaka juzi
mtu fulani kaahidi kuugongomea.
Lusubilo kakimbilia nje kwenye matuta,
kumwonyesha yule kuku mstari wa chura;
pindo likanasa, naye asihisi.
Uzi wa kijivu ukatoka nyuma yake,
ukapita uani, ukapita kisimani,
ukakata sakitu katikati.

Nilifungua mdomo nimwite.
Mama kanishika mkono.
Kainama, kashika ncha pale msumarini,
akaanza kuuviringisha kwenye vidole,
hatua kwa hatua,
akimfuata.