Sentimita Sita

Niliichora kwanza kwa mkaa
nyuma ya bili ya umeme ambao haukuja:
kichwa kipana kidogo kuliko kiganja,
shingo iliyopinda, na juu yake mstari mmoja
wa kuliambia jicho: huku.

Shaba haitafutwi mbali Lubumbashi.
Bomba la friji iliyokufa, nyaya za mota,
birika la marehemu mama mkwe.
Kapepula, mfua sufuria wa Katuba,
alinitazama kama niliyempeleka mbuzi kwa kinyozi.
"Fimbo ya kusukumia kimpira?"
Ndiyo.
"Kinabiringika tu, chini?"
Ndiyo.
"Na ni watu wazima?"
Akavukuta huku anacheka, akayeyusha.

Kichwa cha kwanza kilitoka na matundu kama mkate.
Cha pili, kwenye mizani ya Mama Kyabu,
kati ya dagaa na maharage: gramu mia mbili tisini.
Chepesi. Fimbo nyepesi hutetemeka
pamoja na moyo wa aliyeishika.
Cha tatu, mia tatu hamsini na tano.
Hapo hata Kapepula aliacha kucheka.

Siku nne za tupa. Uso usisimame wima kabisa,
ulale nyuma nyuzi tatu,
maana mpira una kitanda chake ndani ya nyasi,
sharti uamshwe kabla ya kutumwa.
Hili sikulisoma popote.
Nililiona, miaka kumi na tisa,
nimeshika bendera, natazama mikono ya wenzangu.

Mpini: bomba la antena.
Mshikio: mpira wa ndani wa baiskeli,
nimeuviringa kama mtu anavyofunga kidonda.
Uani nikafukia kopo la nyanya.
Nikasukuma. Kushoto.
Tena kushoto.
Nikalaumu ardhi, nikalaumu shaba,
nikamlaumu kuku.

Binti yangu Monga alikuwa akimenya mihogo,
wala hakuinua kichwa:
"Baba, mbona unasimama kama Bwana Verhasselt?"

Nikajitazama. Visigino juu, viwiko nje.
Ncha ya fimbo imebinuka kama mtumbwi.
Nilikuwa nimeipimia mwili niliobebea mkoba,
mrefu, wa kitambi, uliokwisha kurudi kwao.
Hata kile kikohozi kabla ya kupiga,
kumbe kilikuwa chake.

Nikachukua msumeno.
Sentimita sita.
Kipande kikadondoka, kuku akakidonoa, akakisusa.

Jumatatu wenye kadi hawachezi, tunaingia sisi.
Shimo la saba, pale penye kichuguu,
hatua tano, na mteremko mdogo wa kihuni.
Shaba ikasema *to*,
kama mtu anayeweka kikombe mezani
asitake kuamsha nyumba.
Mpira ukaenda, ukauzunguka mdomo wa shimo,
ukafikiri,
ukakataa.

Upana wa ukucha.
Kulia, safari hii.
Nikarudi nyumbani kwa miguu,
mkono mmoja tayari ukiitafuta tupa.