Kwapani

Kariakoo, ghorofa ya tatu; feni imegoma.
Kidawa anasema kiolezo kisifikiri:
kiwe mapengo tu, jina hapa, bei pale,
hesabu zibaki jikoni.
Mbwiga anacheka. Kiunzi chake kinaruhusu «kama»,
kinaruhusu «kwa kila»;
ukurasa wenye akili zake.

Chini, barazani, fundi Machano katandika gazeti la juzi
juu ya kitenge, anafuata ukingo
bila kuuliza atavaa nani.
Kufika kwapani, anasita.
Gazeti pembeni. Chaki. Vidole viwili zaidi.

Kidawa, aliyeshuka kununua soda, ameona.
Amepanda kimya. Mbwiga hajaambiwa kitu.
Ameandika «kama» moja, ndogo,
akaificha chini kabisa ya ukurasa,
kwapani.