Nukta Mwisho wa Jina

Bili ya simu ya mwezi Machi ilikuja imenona.
Mama akaishika mbali na macho, akasoma tarakimu
moja moja, kama mtu anayehesabu vidonge.
"Nani humu ndani anampigia nani saa nane usiku?"

Nikalala sebuleni, nimvizie mwizi.
Saa nane na robo modemu ikaamka yenyewe,
ikabonyeza namba, ikakoroma, ikapiga mluzi,
ikafika Dar es Salaam, ikauliza
(niliyasoma maswali yake kwenye kioo),
ikauliza: printa iko wapi?

Printa ilikuwa pale. Chini ya kitambaa cha kufuma.
Waya wake na waya wa modemu zimelaliana mkekani.
Kilomita mia nane tulikuwa tunasafiri, kwa dakika, kwa shilingi,
kumuuliza mgeni jina la tuliyeketi naye.

Mama hakucheka. Miaka ishirini na miwili
alikaa mbele ya ubao wa simu pale posta,
mikono imejaa kamba za plagi.
Watu hawakumpa namba. Walisema, "Kalunde,
nipe ghala la tumbaku." "Nipe stesheni."
"Nipe yule fundi saa wa Kanyenye, jina limenitoka."
Naye huyo, plagi ndani, kitabu hajafungua.
"Basi," akasema, "weka mtu wa kujibu humu humu."

Nikamweka. Kompyuta kuukuu ya ofisi ya wafuga nyuki,
haina kifuniko, feni yake ina pumu.
Nikaiandikia faili la majina:
sebule ni hii,
printa ni ile,
duka ni ya Mihayo, chumba cha uani,
waya umepitia dirisha la bafu.
Na majina ya mbali iulize mara moja tu,
iyashike hadi muda wake uishe,
ndipo ithubutu kuuliza tena.

Usiku wa kwanza haikufaa kitu. Nilisahau nukta
mwisho wa jina; na jina lisilo na nukta halijui limefika,
likajibandika tena mkia wa nyumbani,
isevya isevya,
kama mama anayemwita mtoto asiyeitika.
Nikatia nukta. Modemu ikalala hadi asubuhi.
Mimi sikulala. Nilisikiliza ukimya wake
mpaka nikasikia treni ya Kigoma
ikibadilishiwa njia kule stesheni.

Bili ya Aprili Mama aliibandika ukutani, kando ya kalenda.

Mihayo alituacha mwezi Agosti. Homa ya siku nne.
Kompyuta yake tukampa mwalimu mmoja wa Kitete.
Nikafungua faili nifute mstari wake,
Mama amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.
"Hapo umeandika nini?"
"Duka. Ya Mihayo."
"Inakula shilingi ngapi kukaa hapo?"
"Haili kitu."
"Basi."

Hadi leo ukiuliza, duka?
inajibu upesi, haisiti: namba nne, nukta tatu.
Unabisha kwenye namba hiyo, hakuna anayeitika.
Na Mama akipita na ufagio
huligonga kwa kidole sanduku lile lisilo na kifuniko,
feni ikakohoa, naye akainama kidogo,
sauti ile ile ya posta:
"Namba gani?"